Dawa ya pumu si dawa ya kukesha



Sokoni wanauza kinini ndogo zinazoitwa efedrini. Wengine wanazinunua juu ya pumu, wengine juu ya mafua. Siku hizi ninasikia na jambo la tatu: mtu anameza mbili mbele ya kwenda posti ya usiku, ili usingizi usimshike shimoni. Mimi ninakataa. Lakini mtu mzima haambiwi tu «usifanye», anaelezwa sababu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukisikia jiwe linapasuka juu ya kichwa chako, tezi hizo zinamwaga adrenalini katika damu. Mara moyo unapiga mbio, njia za hewa zinafunguka, mishipa ya ngozi inajibana. Mwili unajitayarisha kukimbia. Viungo vinaitika hivyo kwa sababu vina vipokeo, sawa na kufuli zinazongoja ufunguo. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Raymond Ahlquist, alieleza kwamba vipokeo hivyo ni vya namna mbili, akaviita alfa na beta. Alfa inabana mishipa ya damu. Beta ya moyo inaharakisha moyo; beta ya mapafu inafungua njia ya hewa.

Sasa, efedrini haichagui kufuli. Wewe unataka kufungua kifua, au kufukuza usingizi, nayo inaingia fasi zote. Tansio inapanda. Mikono inatetemeka, na kutetemeka kwa mtu anayeendesha mashini au anayeunga nyaya za baruti si jambo dogo. Mzee anaweza kushindwa kutoa mkojo. Tena efedrini inakamua akiba ambayo mishipa ya fahamu imejiwekea. Akiba ikipungua, kinini mbili za jana hazitoshi leo, mtu anaongeza. Na uchovu? Uko palepale, umefunikwa tu.

Mimi mwenyewe nilikosa. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi nilimpa mtu efedrini kwa kifua, bila kumpima tansio. Jioni alirudi anashika kichwa, moyo unamruka. Alipona, lakini tangu siku ile ninapima kwanza, hata watu wakinung'unika katika mstari.

Mwenye pumu ana dawa iliyo bora: salbutamoli ya kuvuta kwa mdomo. Inafika moja kwa moja katika mapafu na inapenda zaidi beta ya huko, kwa hiyo moyo hausumbuki sana. Lakini anayeivuta kila siku asijione kwamba amepona. Inafungua njia, haiondoi uvimbe ulio ndani yake. Kwa uvimbe kuna dawa nyingine ya kuvuta, na ni munganga anayeiandika.

Mama, neno moja kwenu. Kambini tunapenda kusaidiana, hata kwa dawa. Jirani mwenye tansio anaweza kuwa na propranololi. Hiyo inaziba vipokeo vya beta. Ukimpa bwana wako mwenye pumu, kwa sababu tu «moyo unamwenda mbio», unaweza kumfungia njia ya hewa usiku, na salbutamoli yake isimsaidie vizuri.

Ninajua jibu la wengine: «Nikisema nimechoka, shefu ataniona mvivu.» Hapo ninawalaumu mashefu pia. Shefu anayejua kwamba mtu wake anasimama kwa nguvu ya kinini, naye ananyamaza kwa sababu kazi inaendelea, ana sehemu yake katika ajali itakayokuja.

Ukiwa umezimeza tayari, pita dispanseri mbele ya kushuka. Leta na karatasi ya dawa, hata ikiwa tupu. Kupima tansio hakuchukui hata dakika tano.