Shibe haipimwi kwa jicho la mpakuaji

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walijitahidi kupima jambo ambalo wengi wetu hudhani halipimiki: shibe. Watu wazima wenye afya walilishwa vyakula 38 kwa zamu, kila chakula kwa kiasi chenye kilokalori 240. Kisha, kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa mbili, waliulizwa wanajihisi vipi. Mkate mweupe ukawekwa kuwa kigezo, alama 100. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323. Croissant, ule mkate laini wa siagi wa Kifaransa, haukufikia hata 50.

Wapimaji wengine humpa mlaji mstari wa milimita 100, atie alama yake baina ya kutokuwa na njaa kabisa na njaa isiyo mfano. Damu nayo hupimwa, hasa homoni ya ghrelin iliyogunduliwa nchini Japani mwaka 1999, ambayo huamsha hamu ya kula. Lakini pamoja na vyombo vyote hivyo, mtaalamu hurejea kwa mlaji na kumuuliza. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi twaongeza kwamba mpakuaji naye hamjui aliyeshiba.

Sasa tutazame majumbani mwetu. Mgeni ameshanawa mikono, mwenyeji anamwapia: "Wallahi hujala, ongeza!" Mtoto anasukuma sahani, anaambiwa hanyanyuki mpaka imalizike. Huenda mgeni yule ana kisukari na anaona haya kusema. Huu twauita ukarimu. Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye ukarimu wake umetajwa katika Surat Adh-Dhaariyaat, aliwasogezea wageni wake ndama mnono, kisha akawauliza kama hawatakula. Hakuwaapia.

Hadithi ya Al-Miqdaam (R.A.), aliyoipokea Imam Tirmidhi, twaijua sote kwa theluthi zake tatu: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Tunachokisahau ni kilichotangulia. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba vitonge vichache vya kumsimamisha mtu mgongo vyamtosha, theluthi zikaja kwa yule ambaye hana budi kuzidisha. Ni kikomo, wala si kiwango cha kuanzia. Na mwenye kukijua kikomo hicho ni mwenye tumbo.

Kina mama watatuuliza, je, chakula kikibaki si israfu? Ni kweli, na israfu imekatazwa. Lakini israfu hiyo huanzia kwenye upawa, si kwa mtoto aliyeshiba. Apakuliwe kidogo, sufuria ibaki karibu, na anayetaka aombe tena. Kilichobaki sufuriani bila kuguswa huliwa usiku, au hupelekwa kwa jirani kikiwa kizima.