Historia Yetu ya Fulana

Chama chetu cha wanafunzi wa vyuo vikuu tunaotoka Hanang na Mbulu kimetimiza miaka kumi, na kimetoa kijitabu cha historia na mafanikio yake. Karatasi ni ya kung'aa, picha ni za rangi. Nilikisoma ndani ya basi nikienda nyumbani, na kabla ya kufika Katesh nilikuwa nimekimaliza, kwa sababu maneno ni machache. Kuna wenyeviti wote waliopita, kila mmoja na tai yake. Kuna fulana za kila mwaka na maelezo ya rangi zilivyochaguliwa. Kuna bonanza, sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mahafali, na safari ya kupeleka madaftari katika shule moja ya msingi kwetu Getanuwas. Safari hiyo imepewa kurasa nne. Katika picha tisa kati ya kumi na moja, watoto wamesimama nyuma yetu.

Kabla hujasema nina wivu, nikwambie kwamba fulana za miaka miwili nilizichagua mimi. Nilikuwa mtunza hazina. Stakabadhi zikitafutwa zitaonyesha kwamba tulitumia zaidi kwenye fulana na chakula cha safari kuliko kwenye madaftari yenyewe.

Na haki isemwe. Maporomoko ya Mlima Hanang yalipoifunika Katesh kwa tope na magogo, Desemba 3, 2023, watu zaidi ya themanini wakafa, na chama hiki kilichanga. Watu walitoa pesa za bumu ambazo zilikuwa za kula. Hakuna aliyevaa fulana siku hiyo. Kijitabu kimelitaja jambo hilo kwa mistari miwili, nadhani kwa sababu hakuna aliyepiga picha nzuri.

Hebu tukumbuke kwamba nchi hii imewahi kuwa na chama cha wanafunzi chenye historia ya kuandikwa. Novemba 1967, pale Mlimani, wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha USARF, umoja wa wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi wa Kiafrika. Mwenyekiti wake alikuwa Mganda, Yoweri Museveni. (Ameitawala Uganda tangu 1986, hilo liwekwe kwenye mafanikio au kwenye hasara, chagua mwenyewe.) Walikuwa na madarasa yao ya itikadi kila Jumapili. Walikaa na Walter Rodney, mwalimu wao, wakabishana naye. Baadhi yao walisafiri hadi Msumbiji, kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, kujionea vita vya ukombozi.

Kisa chao ninachokipenda zaidi ni cha Novemba 1968. Chuoni kulikuwa na desturi iliyotoka Uingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi wanavaa matambara, wanaingia mjini wakicheka na kuchekesha, wanakusanya pesa za kusaidia maskini. Wanaharakati wa USARF na wenzao wa Umoja wa Vijana wa TANU walisema kwamba huko ni kuwadhihaki maskini. Siku ilipofika wakatoa upepo kwenye magurudumu ya magari, na msafara ukavunjika. Fikiria jinsi walivyochukiwa bwenini jioni ile! Mimi nikikisoma kisa hicho naziona zile picha zetu tisa.

Mwaka uliofuata walianzisha jarida, Cheche. Septemba 1970 toleo zima lilibeba andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini. Kijana aliyekuwa ndio kwanza anamaliza sheria aliiambia serikali ya Azimio la Arusha kwamba kutaifisha kampuni si sawa na kumpa mwananchi mamlaka. Novemba mwaka huohuo USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Chama kiliishi miaka mitatu. Chetu kina kumi.

Najua mtu wa kwetu ataniuliza: hayo ya Dar yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wakati vijana wale wanabishana Mlimani kuhusu nani hasa anamiliki mali ya umma, mali ya umma ilikuwa inakuja Hanang juu ya matrekta. Kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Mwishowe yalifika saba, ekari zipatazo laki moja, na zilikuwa malisho bora kuliko yote ya Wabarabaig. Njia za mifugo zilikatwa. Makaburi ya wazee, bung'ed, yale ya vichuguu ambayo ukoo hukusanyika miezi mingi kuyajenga, yalilimwa pamoja na majani.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hii: hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1923. Walioandika kuhusu kesi hiyo ni Ringo Tenga na mwenzake, Issa Shivji yuleyule wa Cheche. Mwaka 1991 Shivji akapewa uenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyosikiliza malalamiko ya wananchi nchi nzima.

Hayo ndiyo ninayoyaita mafanikio ya chama cha wanafunzi. Hawakuwa malaika. Walikuwa wachache, wenye kiburi, waliowahubiria wakulima huku wakila chakula cha bure kilicholipiwa na wakulima haohao. Lakini walijifunza kuuliza swali wakiwa na miaka ishirini na kitu, na mmoja wao alikuwa bado analiuliza ng'ambo ya arobaini.

Sisi tuliuliza nini? Mwaka wangu wa tatu, dada mmoja anayesoma sheria alisimama kwenye mkutano mkuu akapendekeza fungu la hazina litumike kutafuta hukumu za kesi za ngano, tuzitafsiri kwa Kiswahili, tuzipeleke vijijini. Mwenyekiti alisema chama chetu hakijihusishi na siasa. Ikapigwa kura. Mimi mtunza hazina niliinua mkono upande wa mwenyekiti, kwa sababu oda ya fulana ilikuwa imeshatumwa na pesa zisingetosha. Dada yule hakuja tena mikutanoni. Jina lake halimo kwenye kijitabu.

Hukumu ya Mulbadaw nimekuja kuisoma mwezi huu, Getanuwas, mbele ya mzee mmoja jirani yetu ambaye mjomba wake alichunga huko Basotu kabla ya ngano. Kijitabu nilimwonyesha kwanza. Alitazama picha akasema mmependeza. Kisha nikamsomea hukumu kutoka kwenye simu, sentensi moja ya Kiingereza, moja ya Kiswahili, jua likizama. Tulipofika pale pa kuthibitisha wenyeji alininyamazisha kwa mkono.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Mjomba angethibitisha kwa nini? Makaburi walikuwa wameshayalima."

Sikuwa na jibu, nikaendelea kusoma. Zilibaki kurasa nne, na simu ilikuwa na chaji asilimia tisa.