Skuli Si Kosa la Ulimi

Imekuwa desturi miongoni mwetu wasomi kumcheka mtu asemaye skuli badala ya kulitamka neno hilo kama Mwingereza. Huambiwa kuwa ulimi wake ni mzito. Katika kipindi cha Kiingereza masahihisho hayo ni halali, kwani anayejifunza lugha ya watu sharti aifuate kama waisemavyo wenyewe. Lakini sasa masahihisho hayo yamevuka mlango wa darasa na kuingia katika sentensi ya Kiswahili, ambamo hayana mamlaka yoyote.

Neno likishatiwa irabu mwishoni na kupewa ngeli, limehama. Skuli, itumikayo Mombasa na Unguja, ni mali yetu sawasawa na shule, iliyotoka katika Kijerumani. Wala hatakiwi mtu kuitamka shule kama Mjerumani. Waingereza wenyewe walilipata neno lao kwa Kilatini, nacho Kilatini kwa Kigiriki, na hawaombi radhi. Tena waliichukua safari kwetu (nasi tuliipata kwa Waarabu), wakaififiza irabu yake ya kwanza, na kamusi zao zimeridhia.

Kwa mwenyeji wa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, jambo hili lina uchungu zaidi, maana yeye husahihishwa pande mbili. Akisema ndia, ndoo na ndaa, huambiwa aseme njia, njoo na njaa, kwa kuwa mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papo hapo Mombasa, uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Akisema skuli, wa Kiingereza humdaka. Na ulimi huo uitwao mzito hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi na wengi wa wanaomcheka hawaisikii!

Mtoto asahihishwaye hivi kila afunguapo kinywa hujifunza kunyamaza, na darasa hukosa mawazo yake. Wenzangu mtakaokuwa walimu, msimkate kauli mwanafunzi ajielezaye kwa Kiswahili kwa sababu ya skuli. Nao wanaoandika Ndia Kuu Road kwenye ramani watueleze hiyo njia ya pili iko wapi.