Tulinde Gego Kabla ya Kulipandikiza

Mwaka 1965, nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alianza kuwapandikizia wagonjwa meno yaliyoshikizwa kwa skurubu za titani. Metali hiyo hushikamana na mfupa wa taya mithili ya mzizi. Ufundi huo wastahili sifa. Lakini wadai mpasuaji stadi, miezi ya kungoja na fedha nyingi. Kwa mkulima wa Kinole, milimani Uluguru, kinga ndiyo njia iliyo karibu.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, pasipo jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hulidhani la utoto, hulipuuza, nalo huoza. Enyi wanafunzi, wachunguzeni wadogo zenu. Enyi walimu, lifundisheni jambo hili. Gego lililolindwa halihitaji badala.