Rada Huona, Mtu Hutambua

Ukiita kwa sauti kubwa mbele ya mlima, sauti yako hukurudia. Huo ni mwangwi. Rada nayo hufanya kazi kwa njia kama hiyo. Hurusha mawimbi ya redio angani. Mawimbi yakigonga ndege, mengine hurudi. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, na hapo hujulikana ndege iko umbali gani. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja.

Lakini rada haisemi. Huonyesha alama tu. Alama hiyo yaweza kuwa adui, rafiki, mvua au kundi la korongo. Anayetambua ni mtu.

Tarehe 7 Desemba, 1941, askari wawili wa Marekani walikuwa kwenye rada huko Hawaii. Saa moja asubuhi waliona alama kubwa, umbali wa kilomita 210 hivi. Wakapiga simu. Ofisa aliyeipokea hakuwa amefunzwa vizuri kazi hiyo. Alidhani ni ndege zao wenyewe, zilizotazamiwa kutoka California. Akawaambia wasijali. Kumbe zilikuwa ndege za Japani! Dakika 50 hivi baadaye zilianza kupiga mabomu bandari ya Pearl Harbor. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa.

Basi mashine peke yake haitoshi. Ndiyo maana majeshi huwa na vyuo vya maofisa wa rada. Kimoja kilikuwa katika mji wa Kharkiv, Ukraine, wakati nchi hiyo ilipokuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Kilianza kazi mjini humo mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1955 kilipewa jina la Marshal Leonid Govorov, aliyeongoza majeshi ya kuutetea mji wa Leningrad ulipozingirwa na Wajerumani. Kazi yake ilikuwa kufundisha mainjinia wa rada wa kulinda anga. Baada ya Ukraine kuwa huru mwaka 1991, chuo hicho kiliunganishwa na vingine.

Somo hili latuhusu hata sisi tusio askari. Mizani ya pamba ni mashine pia. Asiyejua kuisoma huweza kupunjwa huku anatazama. Anayejua huisoma namba, akadai haki yake.