Nani aketi kuhukumu jeraha la mguu?

MABARAZA ya taaluma za afya yaliundwa ili mwananchi anayeamini kuwa ameumizwa na huduma mbovu apate pa kupeleka malalamiko yake, nje ya hospitali iliyomtibu. Hata hivyo, malalamiko yanapohusu mguu wa mgonjwa wa kisukari, huzuka swali gumu: nani mwenye ujuzi wa kuyapima?

Swali hilo linamgusa mkazi wa Chuno, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, sawa na linavyomgusa wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Ugonjwa huo ukiharibu mishipa ya fahamu, nyayo hufa ganzi. Mtu hukanyaga mwiba au huchubuliwa na kandambili asihisi. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika hata kuhusu wagonjwa walioumwa na panya usingizini. Kidonda kisiposafishwa mapema huweza kufika mfupani, na mguu ukakatwa.

Hapo ndipo lawama huanza. Je, mgonjwa alichelewa kufika, au alifika mapema na mhudumu hakumvua kiatu amtazame?

Yapo makosa yasiyohitaji mtaalamu kuyatambua. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa hilo lilieleweka kwa kila aliyelisikia. Kidonda cha mguu hakina uwazi wa namna hiyo. Kuamua kama nyama iliyooza ilipaswa kuondolewa mapema zaidi, au kama mapigo ya damu mguuni yalipimwa ipasavyo, kunamtaka mtu anayeifanya kazi hiyo.

Nchini Uingereza, watabibu wa miguu ni taaluma iliyosajiliwa, nao husimamiwa na baraza moja na taaluma nyingine za afya. Jopo linalosikiliza shauri huwa na mwenyekiti, mwanataaluma wa fani ya mlalamikiwa na raia asiye wa fani hiyo. Nafasi hizo hutangazwa, na wanaochaguliwa hufundishwa na kulipwa kwa siku. Wajumbe wa baraza lenyewe hawaketi katika majopo hayo, ili anayetunga kanuni asiwe ndiye hakimu. Afrika Kusini nayo imewaweka watabibu wa miguu katika bodi moja na wataalamu wa fiziotherapia.

Tanzania imefuata njia nyingine. Wataalamu wa maabara na wa radiolojia walipata sheria zao mwaka 2007. Wauguzi na wakunga wana sheria ya mwaka 2010, na madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi wana ya mwaka 2017. Utabibu wa miguu haukujitokeza kama kada yenye baraza lake. Kazi hiyo imebaki mikononi mwa madaktari na wauguzi, wakiwamo waliofunzwa chini ya mradi wa "Hatua kwa Hatua" ulioanza mwaka 2004, ambao uliwaandaa daktari na muuguzi kufanya kazi pamoja.

Matokeo yake, kidonda kimoja huhudumiwa na watu wawili wanaowajibika kwa mabaraza mawili. Malalamiko yanaweza kugawanyika, na ujuzi wa miguu ukakosekana pande zote mbili.

Suluhisho lisilohitaji baraza jipya ni orodha ya pamoja ya madaktari na wauguzi wenye ujuzi wa miguu, ambayo kila baraza litachota wajumbe wa jopo. Pingamizi lipo: wataalamu hao ni wachache na wanafahamiana. Ndiyo maana shauri la Mtwara lingefaa kusikilizwa na mtaalamu wa kanda nyingine, atangaze uhusiano wowote alionao na mlalamikiwa, na aketi pamoja na raia asiye mhudumu wa afya.

Utaratibu huo utagharimu nauli na posho. Lakini bila huo, mvuvi au mkulima wa korosho aliyepoteza mguu hataweza kuambiwa kwa uhakika kama mguu ule ungeokolewa, na mhudumu asiye na kosa hatakuwa na wa kumsafisha.