Kidonda kidogo, nyonga ya chuma

Juma lililopita jirani yangu alibisha mlangoni akiwa amefura kwa hasira. Mama yake, ambaye nyonga yake imelika hata hawezi kupanda matatu bila kuinuliwa, alikuwa amepangiwa upasuaji ili awekewe nyonga bandia. Harambee ilifanywa, jamaa wakachanga, mama akaletwa mjini. Lo! Daktari alipomkagua akaona kidonda kati ya vidole vya mguu, akamwambia arudi nyumbani hadi kipone.

"Kidonda chenyewe ni kama punje ya hindi!" jirani alifoka.

Pengine nawe, msomaji, ungefoka. Mimi nilimmiminia chai, kisha nikaanza kumtetea daktari.

Mwaka 1957 watafiti wawili jijini London, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea viini vya stafilokoka, ambavyo huishi hata kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya. Ilihitajika mamilioni ya viini kabla usaha haujatokea. Lakini walipoacha uzi wa hariri wa kushonea ndani ya ngozi, viini mia chache tu vilitosha!

Sababu ni kwamba uzi, plastiki au chuma havina damu, kwa hivyo havina askari wa kuvilinda. Kiini kikitua hapo hujishikiza, kikazaana na kujifunika utando wa utelezi, kama ule unaouhisi ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa hupenya humo kwa shida mno. Mara nyingi daktari hana budi kuing'oa nyonga yote.

Aliyeyajua haya kwa uchungu ni John Charnley, daktari wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwaka 1958 alianza kutengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, plastiki inayopakwa vikaango ili chakula kisigande. Wagonjwa walitoka hospitalini wakitembea, naye akasifiwa. Baada ya miaka michache, plastiki ikasagika, unga wake ukavimbisha nyama, nyonga zikalegea. Watu wapatao 300 walikuwa wamewekewa, na wengi wao ikambidi awapasue tena.

Mwaka 1962 mchuuzi alileta plastiki nyingine, polithini ngumu ya kuundia gia za mashine za viwanda vya nguo. Charnley aliitia ukucha, akaipuuza. Fundi wake, Harry Craven, hakumsikiza. Mkubwa aliposafiri, aliiweka kwenye mashine ya majaribio, na siku zikapita bila ya kulika sana. (Wafanyakazi wakaidi nao wana faida yao.) Safari hii Charnley hakutaka kubahatisha kwa miili ya watu. Alijitia vipande vya plastiki zote mbili katika paja lake mwenyewe, akangoja. Miezi tisa baadaye, penye Teflon palikuwa na uvimbe. Penye polithini hapakuwa na kitu. Plastiki ya jamii hiyo ingali inatumika hadi leo.

Akabaki adui wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wagonjwa kama 7 kati ya kila 100 walitunga usaha ndani ya nyonga mpya. Charnley alishuku hewa, maana ngozi ya kila mtu hupukutisha magamba yenye viini. Akishirikiana na injinia Howorth, alijenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka kutoka juu, na madaktari wakavaa mavazi yenye mipira ya kufyonza pumzi zao. Miaka kumi hivi baadaye, walioambukizwa hawakufika 1 kati ya 100. Wenzake wengi walitilia shaka. Uchunguzi wa operesheni zaidi ya 8,000 za nyonga na magoti, uliochapishwa mwaka 1982, ulionyesha kwamba hewa safi hupunguza maambukizi kwa nusu au zaidi. Charnley alifariki Agosti mwaka uo huo.

Sasa, ikiwa hewa tu yaweza kuleta balaa, sembuse kidonda kilicho wazi kwenye mguu wa mgonjwa mwenyewe?

Jirani alinyamaza, akakoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Na lile jino lake bovu?" akauliza.

Nilimwambia amtajie daktari hilo pia. Jumatano wanakwenda kuling'oa.